Mama Sindano na Mji wa Wapita Njia

Mama Sindano anatembea haraka kuliko pikipiki ya mwenyekiti. Pikipiki yenyewe ni mbovu, lakini hata ingekuwa mpya ningesema hivyo hivyo. Jina hilo tulimpa sisi. Ni muuguzi wa zahanati ya mji wetu mdogo: chumba kimoja, kitanda kimoja, mizani ya kupimia watoto, na jokofu la chanjo analolifuta vumbi kila asubuhi utadhani ni mgeni wa heshima. Cherehani yangu iko barazani, mkabala na mlango wake. Kwa hiyo mambo yake nayajua, na yasiyonihusu nayajua zaidi.

Mji ni barabara moja na makundi matatu ya wahamiaji. Kuna Watu wa Bwawa, ambao bonde lao lilizamishwa wakaletwa hapa kwa malori. Kuna Watu wa Shamba, waliokuja kulimia kampuni. Kampuni ikafungasha, wao wakabaki. Na kuna sisi Watu wa Reli, tuliokuja kutandaza reli ambayo haikufika popote. Miaka thelathini na kitu imepita. Tunaoana, tunaombana chumvi, tunagombana kwenye foleni ya bomba, lakini ukimuuliza mtu kwao wapi, atakutajia kule alikotoka. Hata kijana aliyezaliwa hapa atakwambia kwao ni bondeni, na bonde lenyewe hajaliona kwa sababu samaki ndio wanaoishi huko sasa. Hapa tunapaita kambini.

Hilo ndilo lililotuponza. Walipokuja wahesabu watu, fomu ilikuwa na swali la makazi ya kudumu, na karibu kila mtu akajibu kama alivyofundishwa na baba yake. Mimi nami nilijibu hivyo, tena kwa madaha, nikamtajia karani hadi jina la mto. Matokeo yalipotoka, mji wenye watu wazima zaidi ya mia tatu ulionekana una wakazi sitini na mmoja. Sisi wengine tuliandikwa wapita njia.

Haikupita miezi mingi, barua ikaja zahanati. Kituo kingefungwa kwa kukosa watu wa kuhudumia, na jokofu lipelekwe kwingine. Mwenye malalamiko asubiri: karani angerudi baada ya siku kumi, na kila mtu mzima aje aseme mwenyewe, hakuna kusemewa. Wakifika mia tatu, zahanati inabaki.

Mama Sindano aliisomea barua hiyo barazani kwangu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Wanataka watu," akasema. "Kwani watu hawapo?"

"Wapo, dada. Ila si wa hapa."

Alinitazama mpaka nikarudisha macho kwenye suruali niliyokuwa naipinda.

Kwake yeye ile haikuwa karatasi tu. Zamani, kabla hatujawa na zahanati, mwanawe wa kwanza alishikwa na homa akiwa na miezi minane. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu siku. Walipanda trekta, mtoto kapakatwa na babu yake mzaa baba, na hospitali hawakuifikia. Mwaka uliofuata yule mama alikwenda kusomea uuguzi, akakaa darasa moja na wasichana waliomwita shangazi. Aliporudi alizisumbua ofisi za watu mpaka wakamjengea hicho chumba, nadhani ili wapumzike na usumbufu wake.

Basi akafunga kibwebwe. Kila alfajiri alitoka na kipima presha, akaingia nyumba kwa nyumba. Ujanja wake ulikuwa mmoja, na mimi nilinaswa siku ya kwanza. Anakufunga ule mkanda mkononi, anaanza kuujaza upepo, kisha anakwambia usiongee, mashine itadanganya. Hapo umekwisha. Mkono umebanwa, mdomo umefungwa, na yeye anakupa vidonge vyako taratibu.

"Fundi, una watoto wanne. Wote niliwapokea mimi. Mke wako alipovuja damu, reli ndiyo ilimwokoa? Usijibu. Jumanne ijayo utasimama mbele ya karani useme unaishi wapi. Basi, toa mkono. Presha yako iko juu, punguza chumvi."

Watu wa Reli tulikubali. Tulinung'unika, lakini tulikubali. Watu wa Shamba aliwamaliza kwa siku tatu, ingawa bibi mmoja alimkimbia, akaingia chooni na kukaa humo mpaka adhuhuri. Mama Sindano alimsubiri nje akimenya viazi vya mwenyewe.

Waliobaki ni Watu wa Bwawa, na Watu wa Bwawa hawapigi hata chafya kabla ya baba mkwe wa Mama Sindano kupiga. Mzee huyo alikuwa ameapa mbele ya baba yake, maji yakipanda, kwamba hatajiita mtu wa mahali pengine. Bila watu wake, mia tatu isingefika. Tangu siku ya kwanza mkwe wake alianzia kwake, akampima presha asubuhi tisa mfululizo.

"Baba, sikuombi ulikane bonde."

"Unaniomba nini, basi?"

"Usiongee. Naomba useme unapolala."

"Nalala hapa," mzee akasema, mkanda ukiwa bado unabana. "Kwetu ni kule. Nikisema vingine, baba yangu aliyebaki chini ya maji nimemzamisha mara ya pili."

Asubuhi ya tisa Mama Sindano alitoka kwa mzee macho mekundu. Alipita mbele yangu bila salamu, akaingia zahanati, nikamsikia akifuta jokofu. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia mzee yule, nakiri.

Jumanne karani aliweka meza chini ya paa la soko. Sisi wa Reli na wa Shamba tulipita mmoja mmoja, wengine tukigugumiza kama wanafunzi waliosahau shairi. Saa saba mchana tulikuwa mia mbili thelathini na sita. Watu wa Bwawa walikuwa wamesimama pembeni kundi zima, wamekunja mikono. Ndipo mzee akajikongoja na fimbo yake hadi mezani. Mama Sindano alisimama nyuma yake kumshikilia.

"Makazi yako ya kudumu, mzee?" karani akauliza.

"Bondeni. Andika hivyo hivyo."

Karani akaandika. Nilimwona Mama Sindano akifumba macho, lakini mkono wake haukuuachia mkono wa mzee. Mzee akageuka, akawatazama watu wake.

"Mimi niliapa, na kiapo changu nakwenda nacho," akasema. "Nyinyi hamkumwapia mtu. Mjukuu wangu alikata roho mikononi mwangu kwenye trekta, mkiwa mmekaa nyuma, mnasikia. Huyu mama yake ananipigia magoti kila siku, na mimi namwambia habari za maji. Anayeniheshimu leo, asinifuate."

Hakuna aliyesogea. Kisha mumewe Mama Sindano, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akimpinga baba yake hata kwa kikohozi, akapiga moyo konde, akaenda mezani, akasema anaishi hapa. Baada yake walikuja wawili, halafu foleni ikafika mpaka kwa muuza mkaa.

Jioni karani alifunga hesabu: mia tatu na kumi na nane. Mzee hayumo. Jina lake liko kwenye orodha ya wapita njia, peke yake kati ya Watu wote wa Bwawa. Na ukithubutu kusema mbele ya mkwe wake kwamba mzee huyo hakuisaidia zahanati, atakufukuza barazani, hata kama baraza ni lako.