Karani wa Orodha ya Waliopotezana

Karani hufuta miwani kwa ncha ya tai, kisha husema, "Hayupo." Hainui macho. Huandika jina kwa kidole kimoja, hubofya, huita mwingine. Mawazo, aliyepotezana na bintiye Lisette walipokimbia Kongo, alikwisha kuambiwa hivyo mara tatu. Leo aliinama juu ya kaunta, akaona kwenye skrini kisanduku cha kuchagua jinsia: Mwanaume.

"Papa, mutoto yangu ni mwanamuke!" alimpigia karani kelele.

"Naikutaka vile kila siku, mama," karani alijibu; kila asubuhi alikikuta kisanduku hivyo, wala hakukigusa.

Mawazo alinyoosha mkono juu ya kaunta. Akamnyang'anya kipanya, akachagua Mwanamke, akabofya. Lisette akatokea, na jina la kambi yake. Kwenye mabenchi, akina mama waliotafuta mabinti na kuambiwa "Hayupo" wakaanza kusimama.