Goti la Shangazi Mukankusi na Breki za Viateur

Viateur Nzabandora, ambaye Bwana amempumzisha mwaka huu, alikuwa mtoto wa wakulima wa maharagwe wa Kibabi. Alijifunza gari kwa kuliosha, kisha kwa kulala chini yake, na mwaka wa 1953 alikuwa tayari anaendesha lori la kahawa kati ya Itebero na Sake. Safari alizifanya nyingi, lakini ile aliyoisimulia mpaka machozi ya kicheko yakamtoka ni ya siku ya ndoa yake.

Ilikuwa Jumanne, kesho yake Jumatano ya Majivu. Padri angekaa Kibabi mpaka saa tisa tu, na Kwaresima ikishaanza hakuna ndoa mpaka Pasaka. Baba yake Emérita, bibi harusi, alikuwa amechoka kungoja. Alisema wazi: wasipofunga ndoa Jumanne, maneno yameisha.

Saa nne asubuhi, jamaa wakiimba nyuma ya lori kuelekea Kibabi, Viateur aligusa breki pale Sake, na pedali ikazama mpaka chini kama mguu kwenye matope. Jiwe lilikuwa limekata mpira mdogo wa breki kwenye gurudumu la nyuma. Alikuwa na mwingine, akaubadilisha mbiombio. Lakini upepo ulikuwa umeshaingia kwenye mabomba, na upepo ukibaki humo, dereva anakanyaga pedali bure. Mbele kulikuwa na miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa adabu.

Wanaume walikuwa wameshapotelea sokoni kutafuta kasiksi, pombe ya ndizi. Kwenye kiti cha mbele alibaki Shangazi Mukankusi, na rozari yake.

"Shangazi, kanyaga pale, ushikilie!"

"Nishikilie muda gani?"

"Salamu Maria moja. Kwa sauti, nisikie."

Akaingia chini ya lori. Akachomeka kipande cha bomba la mpira kwenye skurubu ya kutolea upepo, pale kwenye gurudumu, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye maji ya breki. Shangazi akianza "Salamu Maria," yeye anafungua skurubu, mapovu yanatoka. Kwenye "Amina" anafunga, ndipo shangazi anainua mguu. Walifanya hivyo mara ishirini.

"Iko namna gani?"

"Laini, mutoto wangu. Kama ndizi ya kuiva."

Vestine, dada yake Viateur, akapiga kelele kutoka juu: "Kaka, tutakula harusi yako na mayai ya Pasaka!" Lori zima likacheka. Viateur hakucheka. Kopo la maji ya breki lilikuwa limefika nusu, na jua lilikuwa linapanda.

Akakaza macho kwenye chupa. Mapovu yakatoka vizuri, mara maji ya chupa yakashuka ghafla, yakanyonywa kurudi kwenye mpira.

"Shangazi! Umeinua mguu!"

"Mimi? Hata kidogo!"

"Sali tena."

Safari hii alichungulia mlangoni. Shangazi alisali polepole, akafika "na Yezu," akainamisha kichwa, na goti likajikunja. Mguu ukapanda pamoja nalo. Katekista wa kwanza wa Kibabi njo aliwafundisha wamama hivyo: jina hilo halipiti bila goti.

"Shangazi, unakunja goti kwa Yezu!"

"Ulitaka nimunyime goti juu ya gari?"

"Hapana! Umupe!" Viateur akaruka chini ya lori tena. "Mimi njo nitafunga mbele ya jina lake!"

Akafungua kwenye "Salamu," akafunga kwenye "wanawake wote." Goti likakunjwa, pedali ikapanda, na upepo haukurudi. Wakafanya tena, na tena. Mapovu yakawa makubwa, kisha madogo, kisha hakuna. Vestine akashika wimbo, wanawake wote wa nyuma wakasali pamoja, na watu wa soko wakasimama kutazama lori linalosaliwa.

"Viateur! Imekuwa ngumu! Ngumu kama jiwe!"

Waliwaokota wanaume na vibuyu vyao, wakapanda, wakashuka, na kila mteremko breki zilishika. Saa nane na nusu walimkuta padri anafunga sanduku lake.

"Mikono gani hiyo?" Emérita aliuliza mlangoni mwa kanisa.

"Ya breki. Unaikataa?"

Aliishika mbele ya wote. Alama nyeusi ya kidole gumba ikabaki kwenye kitambaa chake cheupe, na hakukifua tena. Ndicho kitambaa ambacho mwaka huu Emérita, sasa Mama Emérita, mjane wake, alikiweka juu ya kifua cha Viateur kabla ya jeneza kufungwa. Shangazi hakuwapo tena, lakini padri alipotaja Yezu, Mama Emérita alikunja goti.