Watu wa Ziwani Niliowatunga

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hunijia hata nikiwa mezani, nikaisukuma sahani. Ilikuwa miaka ya sabini, kwenye machimbo ya Geita. Kambi nzima ni mimi tu niliyemaliza kidato cha nne. Wenzangu wakaniita Mwalimu, na sifa zikanilevya.

Jua likitufukuza kazini, niliwasimulia habari za watu wa ziwani. Nilitunga zote. Nikasema hawana kitovu, kwa kuwa huanguliwa, hupumulia kwapani, vidole vyao vya miguu vimeshikana kwa ngozi. Bibi harusi wao hulia siku saba ili ziwa lisipungue. Na mwanamke wao akiudhiwa, huita maji. Mwenye akili angeniuliza nimewaona wapi. Hakuna aliyeuliza.

Masika shimo letu likajaa maji. Minza, mke wa mchimbaji mwenzetu, alikuwa akituuzia uji. Vidole viwili vya mguu wake vilikuwa vimeshikana tangu kuzaliwa. Wachimbaji wakasema ndiye aliyeita maji, wakambomolea kibanda.

"Rudi kwenu ziwani!"

Mumewe naye akamfukuza, akamnyang'anya mtoto aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nilisimama pale pale, mikono nyuma. Lilitakiwa neno moja tu. Nikalimeza nisije nikachekwa.

Baba yake Minza, mzee Masanja, akanifuata kwa miguu kutoka kijijini.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Na huo mdomo wako umefika darasa la ngapi? Binti yangu anakamulia maziwa yake mchangani. Nenda kawaambie!"

Nilikwenda, nikaapa kwamba nilitunga. Wakaangua kicheko: "Mwalimu kesharogwa na Minza!" Mtoto hakurudishwa. Minza alipomwona tena, mtoto alikuwa akimwita mwanamke mwingine mama.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja nyumba. Na leo nakusikia wewe na wenzako mkimcheka yule bibi jirani mwenye macho mekundu, mkimtungia kwamba si mtu kama sisi. Nyamazeni! Usimzushie mtu mwili asio nao. Na uongo wako ukianza kumgusa mtu, ukane siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale uliowadanganya, wacheke watakavyo. Kesho yake hawatakuamini.

Mungu akupe ulimi mzito, mwanangu, na akujalie kusema "nimedanganya" mama angali amembeba mwanawe.