Bibi angekuwa na Alberto

Leo nimemuuliza bibi yangu swali la kipuuzi, na jibu lake bado ninalo kichwani.

Tulikuwa uani kwake, kijijini Naipingo, tunabangua korosho. Mimi na historia yangu ya kidato cha sita nikaropoka:

"Bibi, hivi Wareno wangeondoka Msumbiji bila vita, ingekuwaje?"

Akacheka. "Mke mwenza, nisingevuka mto Ruvuma kuja huku. Nisingemjua babu yako. Wewe na baba yako msingekuwepo!"

(Ndivyo anavyoniita. Utani wetu wa bibi na mjukuu.)

Nami nikajibu kwa utani: "Basi afadhali vita vilikuja!"

Mikono yake ikasimama.

"Ningekuwa na Alberto," akasema.

Mwanawe wa kwanza, aliyefia njiani wakikimbia vita. Sikuwahi kulisikia jina hilo.

"Angekuwa na mikorosho yake. Angenizika."

Nikasubiri aseme kwamba hata hivyo anafurahi kuwa na sisi.

Hakusema.

Akaendelea kubangua. Kwa maneno tu akamwoza Alberto mke, akampa watoto, akanitajia hadi majina yao. Nikasikiliza maisha mazuri ambayo mimi simo.

Wajukuu wenzangu, ninyi mngemkatiza?