Kata ya Uji Niliyoimwaga

Siku ile naikumbuka kwa kiu yake, mwanangu, kabla sijakumbuka kingine chochote. Ukiniuliza ulikuwa mwezi gani nitababaika. Najua tu kwamba mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, mchanga wa njia umekauka ukawa kama unga, na jua la saa nne lilikuwa linachoma kama la saa sita. Mara mbili nimelifungua daftari hili ili niandike haya, na mara mbili nikalifunga, kwa kuwa mimi si mtu wa kalamu. Darasa la saba nililimaliza, lakini sikulimaliza vizuri. Ila juzi nimekuona unafunga mzigo kwenye baiskeli, na mfukoni kimechomoza kichupa cha kile kinywaji chenu chenye rangi kali, maji huna hata tone. Nikasema moyoni, nikinyamaza na hili, lawama itakuwa yangu.

Wakati huo mimi na rafiki yangu Athumani tulikuwa tukibeba kamba wa baharini waliokaushwa, pamoja na ng'onda, samaki wale wa chumvi, kutoka Nyamisati wanakoshushwa na watu wa visiwani Maparoni, mpaka Kibiti. Kila mmoja magunia mawili nyuma, yamekazwa kwa mipira. Tunaondoka baada ya sala ya alfajiri, na tukijaliwa tunafika alasiri. Mchanga wa njia ile unashika tairi kama mtoto anayemshika mama yake nguo asiende sokoni.

Zilikuwa enzi za ruksa. Wewe hukuyaona ya nyuma yake. Sisi tulikua katika foleni; sukari kwa kibali, sabuni kwa kibali, na soda ilikuwa kitu cha arusi, chupa moja watu wanne. Halafu maduka yakafunguka, soda ikaja mpaka vijijini. Hapa nataka nijitetee kidogo, lakini si sana: haikuwa ulafi mtupu. Kijana aliyekulia katika uhaba akishika chupa nzima peke yake, anajiona amekuwa mtu.

Sasa, katika njia ile ilikuwapo nyumba ya Bi Sikudhani, mjane mwenye asili ya Umatumbini, na binti yake Zuhura. Barazani kwake kulikuwa na mtungi, na juu ya mtungi kata ya kifuu. Mpanda baiskeli anapiga kengele, anaitikiwa, anachota, anakunywa, anashukuru, anakwenda zake. Sikupata kusikia mtu ameambiwa atoe kitu. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na sisi tuliotoka Nyamisati juani tulikuwa ndio hao chungu.

Lakini mimi pale sikuwa mpita njia tu. Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa Zuhura. Mwezi wa pili ulikuwa unakatika na jibu halijarudi. Kila nilipoikaribia nyumba ile moyo ulikuwa unapiga kuliko kengele ya baiskeli.

Siku hiyo, kabla hatujafika kwa Bi Sikudhani, tulisimama dukani kwa Mama Neema, mke wa mwalimu mmoja aliyetoka bara. Chupa tupu tulikuwa tunakuja nazo wenyewe, maana bila chupa tupu hupewi iliyojaa. Mimi nilikuwa nazo tatu, nimezifunga kwenye kitambaa kama mayai.

"Kaka Omari," Mama Neema akaniambia, "mtungi huo hapo. Anza na maji, soda haina miguu ya kukimbia."

Naliandika hili ili nisimdhulumu. Mwenye duka mwenyewe alinionya, akaacha kwanza faida yake.

"Maji hata kwetu yapo, mama mwalimu," nikamjibu.

Athumani akacheka. "Mwache, mama. Leo anapita kwa wakwe, anataka akapige mbweu za kizungu."

Nikanywa bila kupumua. Mimi nakumbuka ilikuwa chupa moja pale dukani, Athumani anasema mbili. Nimemwuliza tena wiki hii, ameshikilia mbili, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mzima siku ile, tuandike mbili. Ya mwisho niliifunga kwenye usukani, ionekane.

Tulipofika na kupiga kengele, Bi Sikudhani alitoka mwenyewe, ameshika sufuria.

"Karibuni wanangu. Leo msichote mtungini. Pokeeni hiki."

Ulikuwa uji wa mchele, mwepesi kama maji, umetiwa chumvi kidogo na ndimu, umeachwa upoe ukabaki vuguvugu. Athumani alikunywa kata nzima akafumba macho. "Ah, mama! Magoti yangu yalikuwa yamebaki Nyamisati, sasa yamefika."

Zamu yangu nikaonja. Na papo hapo nikaliona pazia la mlango linatikisika, na chini ya pazia vidole vya miguu vyenye hina. Mwanangu, mpaka leo nikijiuliza kwa nini nilifanya nilichofanya, jibu ni vile vidole. Nilitaka anione kuwa mimi si kijana wa kusaidiwa.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kufika ndani, "huu si uji wa wagonjwa huu? Sisi ni wazima."

Nikaiinamisha kata, nikaumwaga uji wote chini. Mchanga uliunywa mara moja, ukaonyesha akili kuliko mimi. Kisha nikachukua ile chupa ya usukanini, nikaifungua kwa meno, nikanywa nikiwa nimeinua shingo kama jogoo.

Pazia likatulia. Bi Sikudhani akaipokea kata, akaifuta kwa pindo la kanga yake, taratibu, kama kwamba imeumia.

"Haya, baba. Njia njema."

Hatujafika mbali Athumani akaniambia, "Omari, umemwaga uji wa mkweo."

"Bado si mkwe wangu."

"Na sasa ndiyo hatakuwa kabisa."

Nikakaza mwendo. Kulikuwa na kilima mbele, si kirefu. Leo watu wanakipita kwa pikipiki bila hata kukijua. Mimi tumbo lilikuwa limejaa hewa, mdomo mtamu lakini mkavu. Jasho lililokuwa likinitiririka tangu asubuhi likakatika ghafla, na kichwa kikaanza kuvuma. Nikajua kuna kitu hakiko sawa, nikaona aibu kusema. Mdharau mwiba mguu huota tende; wa kwangu haukuota tende, ulikakamaa. Nyama ya nyuma ya mguu ilijikunja kama ngumi, nikapiga kelele, nikaanguka na baiskeli, gunia likanilalia.

Kwanza Athumani alicheka. Kisha akaniona natapika na macho yanazunguka, akaacha kucheka. Aliniita jina langu mara nyingi, nami nilimsikia kwa mbali sana, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Akayavuta magunia yote manne kichakani, akanipakia kwenye keria yake na kunifunga kiunoni kwa mpira, akarudi nyuma akisukuma.

Nikamwambia, "Si kule." Alikuwa ananirudisha kwa Bi Sikudhani.

"Kuna nyumba nyingine hapa?" akaniuliza. Haikuwapo.

Yule mama hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mlaze ubavu, hapo kivulini mwa ukuta. Mfungue shati." Akaja na sufuria ile ile na kijiko. Kijiko kimoja, tunangoja. Kijiko kingine, tunangoja. Cha kwanza nilikitapika, hakukasirika, akaanza upya. Ndani ya nyumba nilisikia mtu anapuliza moto kuongeza uji, na kila pumzi ile ilinichoma kuliko jua.

Nilipoweza kusema, nilisema, "Mama, nisamehe. Nimemwaga uji wako."

"Si wangu."

Akanitia kijiko kingine mdomoni, ndipo akaendelea. "Mchele ameutwanga Zuhura alfajiri. Ndimu ameenda kuziomba kwa jirani. Wazee wako walinitaka jibu, nikawaambia wanipe muda nimwone kijana wao anavyopokea kitu akiwa na kiu. Mtu aliyeshiba ana adabu, kila mmoja. Mimi nilitaka nikuone na kiu yako."

"Na umeniona."

"Nimekuona."

Nikafumba macho. Nilijua kuwa yamekwisha, na ya kuwa niliyamaliza mwenyewe, kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

"Kunywa," akasema.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili vizuri. Alikuwa na haki ya kunyamaza, alikuwa na haki hata ya kunisema mbele ya Athumani, naye akasema "kunywa" kwa sauti ile ile ambayo ningetaka mama yangu aniambie. Nililia, mwanangu. Athumani akageuka akajifanya anakagua tairi.

Baadaye, mjinga mimi, nikauliza, "Na lile jibu, mama?"

"Jibu la nini, na wewe huwezi hata kukaa? Kunywa!"

Basi tangu hapo kila wiki nikipita nilisimama. Nilipokea kwa mikono miwili chochote alichotoa, nikanywa mpaka tone la mwisho, nikaiinamisha kata aone imekwisha. Kuna siku maji yalikuwa na ladha ya chumvi ya bahari iliyoingia kisimani, nikanywa. Zuhura sikumwona hata kidole. Ikapita miezi mitatu hivi. Sikuthubutu kuwatuma wazee wakaulize, wala wao hawakunilaumu, maana Athumani alikuwa amewasimulia watu wote, mpaka wa kijiji cha mbali cha Umwe.

Halafu asubuhi moja nikakuta barazani kidumu cha manjano, kimefungwa mdomo kwa kipande cha kanga, kina uji mwepesi hadi juu.

"Huu ni wa njiani," akasema Bi Sikudhani, hakunitazama. "Mwenyewe amesema usiumwage."

Hilo ndilo lililokuwa jibu. Wazee waliletewa lao kwa utaratibu wake, lakini mimi langu nilishalipata, nikalifunga kwenye keria.

Sasa nikuambie ninayoyajua, nawe upime, kwa kuwa mimi si daktari na huenda mengine nakosea. Ukiwa na safari ndefu ya baiskeli, usiingoje kiu. Kiu ni mjumbe anayechelewa. Kunywa maji kabla hujatoka, kisha njiani funda mojamoja, kila baada ya mwendo kidogo. Jua likiwa kali na jasho likikutoka sana, beba uji mwepesi wa mchele wenye chumvi ya kubana kwa vidole viwili na ndimu. Chumvi isizidi hapo. Dafu ukilipata ni rehema. Usinywe kwa pupa hata kama ni maji matupu, tumbo si pipa. Ukienda haja ndogo ukaona rangi ya chai, shuka, kaa kivulini, unywe polepole, usione haya kumwambia mwenzako kuwa unaumwa. Ukishafika, pumzika, kunywa maji, kula wali wako na kitoweo.

Na soda? Soda haikunikosea mimi, ni mimi niliyeipa kazi isiyo yake. Inywe ukishafika, ukishatulia, ukicheka na wenzako. Mimi mwenyewe sikukuu naipenda, ya machungwa.

Lakini kubwa kuliko yote, ukipewa kitu njiani kwa mikono miwili, kipokee kwa mikono miwili. Hujui nani ameamka alfajiri kwa ajili yako. Mvunja nchi ni mwananchi, na mvunja bahati ya mtu mara nyingi ni mkono wake mwenyewe.

Bi Sikudhani tumeshamzika, Mungu amrehemu. Zuhura yumo ndani hapa ninapoandika. Miguu yake imekuwa mizito, kinu hakiwezi tena, kwa hiyo uji wa asubuhi naupika mimi. Nampelekea kitandani, anaonja, ananitazama.

"Chumvi imezidi," ananiambia kila siku.

"Niumwage?"

"Thubutu!"

Nenda salama, mwanangu. Mola akupe miguu isiyochoka na marafiki wa kukurudisha nyuma unapoanguka. Kila baraza utakayoipigia kengele iwe na mtungi uliojaa, na siku ukirudi, awepo mtu wa kukuambia "kunywa," nawe usikie.