Kuta za Orofa ya Tisa

Wifi yangu ni mpima macho. Duka lake la miwani lina vyumba viwili: cha mbele chenye makabati ya vioo na fremu mia mbili na arobaini, na cha nyuma chenye giza, kiti kimoja na ubao wa herufi. Watu wa mtaani wanamwita Soma Chini, kwa sababu akishamkalisha mteja haongei kingine. "Soma chini. Tena chini. Chini zaidi." Watoto wa shule wakipita dirishani humwigiza kwa sauti nzito, naye huwatolea ulimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili.

Mimi nimeolewa na mdogo wake. Kazi yangu dukani ni kadi za wateja: jina, tarehe, namba za lenzi, na maneno mawili matatu ambayo wifi huyatupa akiwa mlangoni. Ninaandika kila kitu. Mume wangu husema hata nikipiga chafya nitaiwekea tarehe.

Ijumaa saa sita mchana duka letu hufunga mlango kwa nusu saa. Wateja wazoefu wanajua; mwanzoni walikuja wakagonga bure, wakaacha. Huo ndio wakati ambapo sura mpya ya Orofa ya Tisa huwekwa mtandaoni.

Orofa ya Tisa ni katuni. Inahusu jengo refu la kupanga ambamo wapangaji hupotea mmoja mmoja, na msichana mtunza funguo anamtafuta anayewachukua. Inachorwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi, kisha kurasa zinapigwa picha. Mchoraji hajitaji jina. Mashabiki wanamwita Mwenye Nyumba, na wao wenyewe hujiita Wapangaji. Ukiingia kwenye kundi lao la simu unapewa namba ya chumba, na kuanzia siku hiyo jina lako halitajwi tena. Wifi yangu ni Chumba Kumi na Nne.

Kazi ya Wapangaji ni kutafuta vidokezo. Saa ya ukutani ikisimama, wataijadili siku tatu. Paka akigeuza mkia upande mwingine, watu wazima wananuniana. Wifi alianza kusoma kwa sababu ya mpwa wake, binti yangu, aliyemwonyesha sura ya kwanza akidhani shangazi atacheka kisha arudishe simu. Simu haikurudi mpaka jioni. Binti yangu alishaichoka katuni ile zamani. Shangazi yake ndiyo kwanza alikuwa anapamba moto.

Kidokezo cha kuta kiliibuka sura ya thelathini na tano. Chumba cha Tatu aliandika kwamba picha zinaonekana kama zimebanwa. Watu wakamcheka. Wifi hakucheka. Aliniambia nizichape kurasa zote tangu mwanzo, kwa ukubwa uleule, kwa printa yetu ya kadi. Kisha akachukua ile rula yake ndogo ya plastiki, anayoiweka juu ya pua ya mteja kupima nafasi kati ya mboni na mboni, akaanza kupima kingo za kurasa. Yeye anapima, mimi naandika.

Mwanzoni michoro ilijaa karatasi mpaka ukingoni. Sura ya ishirini na nane, pembeni palibaki weupe wa milimita mbili kila upande. Sura ya thelathini na tano, sita. Sura ya arobaini na moja, tisa. Katikati palikuwa palepale, safi, hata vifungo vya shati vilihesabika. Pembeni, vitu viliachwa njiani. Mlango una bawaba bila fremu. Mkono wa mama muuza maji unaishia kwenye kiwiko.

"Wifi, unaona?" aliniambia, macho yanang'aa. "Kuta zinakuja. Hakuna anayewachukua wapangaji. Ni jengo lenyewe linajifunga!"

Alipoweka vipimo vyetu kwenye kundi, simu ilitetemeka juu ya kabati mpaka ikaanguka kwenye droo ya vitambaa. Chumba cha Kwanza, kiongozi wao, mtu wa majivuno ambaye hakuwahi kumsifu yeyote, aliandika: "Chumba Kumi na Nne, leo nakuvulia kofia." Wifi alitembea siku nzima kama bibi harusi. Alimuuzia mteja mmoja miwani kwa nusu bei kwa furaha tu.

Kwa wiki tisa watu hawakuzungumza kingine ila kuta. Sura ya hamsini, weupe ulifika milimita kumi na nne kila upande. Ijumaa hiyo, kwa kusherehekea, Mwenye Nyumba alitangaza kwamba atajibu maswali ya Wapangaji kwa saa moja.

Tulikaa wawili chumba cha mbele, mlango umefungwa, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kioo cha wateja. Chumba cha Kwanza ndiye aliyeuliza wa kwanza, kama ilivyotarajiwa.

"Mwenye Nyumba, tunajua siri yako. Tuambie tu: kuta zitakutana sura ya ngapi?"

Jibu likaja.

"Kuta gani?"

Kundi lilipasuka kwa vicheko. Chumba Ishirini na Mbili aliandika: "Huyu kijana ni muongo wa kimataifa!" Mwingine akasema: "Anatuzuga, mwacheni." Wifi naye alicheka, akaandika mwenyewe: "Zile zinazobana kutoka pembeni. Sisi tumezipima. Kumi na nne kila upande."

"Sijaelewa," Mwenye Nyumba alijibu. "Sijachora ukuta wowote unaobana. Mimi nachora karatasi nzima mpaka ukingoni, kama siku zote."

Vicheko vikaongezeka. Wifi hakucheka tena. Nilimwona akisoma maneno yale mara ya pili, midomo ikitikisika, na rula ikamtoka mkononi. Hakuiokota.

"Lete daftari," alisema.

"Lipi?"

"La kuta. Nisomee. Polepole."

Nilimsomea tangu mwanzo. Mbili na mbili. Nne na nne. Sita na sita. Kila namba niliyotaja alifumba macho. Nilipofika kumi na nne na kumi na nne, alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mungu wangu. Nimempima mgonjwa wiki kumi na tano, wifi, nikawa nashangilia."

Bado nilikuwa sijaelewa vizuri, lakini nilikumbuka kadi ya dereva wa lori. Ni kadi ya zamani, kabla sijaja dukani, na wifi hataki iondolewe kwenye sanduku. Dereva yule alilalamika kwamba haoni sawasawa. Wifi alimkalisha, akamsomesha ubao, na mtu yule akasoma mpaka mstari wa chini kabisa bila kukosea. Akapewa miwani ya kusomea, akaenda zake. Miaka mitatu baadaye alirudi ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na pembeni kulikuwa kumekufa zamani. Tangu siku hiyo, wifi hamwachi mteja yeyote aondoke, hata aliyekuja kununua kamba ya miwani, bila kumpungia vidole kutoka pembeni na kumuuliza ameviona lini.

Na sasa huyu. Wifi alikuwa na kipimo mkononi muda wote, cha rula, chenye tarehe, akakigeuza hadithi.

Aliandika kwenye kundi: "Jamani, acheni utani kidogo. Mimi ni mpima macho. Nadhani Mwenye Nyumba haoni pembeni na mwenyewe hajui."

Walimcheka mpaka nikaona haya kwa niaba yake. "Chumba Kumi na Nne amehamia hospitali!" "Nadharia ya mwaka!" Chumba cha Kwanza akaandika kwamba kofia aliyomvulia anairudisha kichwani.

"Washenzi," wifi alisema, akawaacha. Akamwandikia Mwenye Nyumba peke yake. Alifuta mara nne. Mwisho alituma swali moja tu: "Samahani, je, siku hizi unagonga mabega kwenye fremu za milango?"

Saa ya maswali iliisha. Nje mteja aligonga, akachungulia, akaondoka. Hatukufungua. Dakika ishirini nzima hakukuwa na kitu. Kisha:

"Nani amekwambia?"

Wifi alikaa chini, sakafuni, palepale kwenye vigae, sketi na yote. Akaandika namba yake ya simu na maneno haya: "Nipigie sasa hivi. Nakuomba kama ndugu."

Simu ilipolia, aliweka sauti ya juu ili nami nisikie. Tulimtarajia kijana. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, mwenye kikohozi kidogo.

"Haloo. Mimi ndiye Mwenye Nyumba, kama mnavyoniita. Huyu ni nani anayejua mabega yangu?"

"Shikamoo, mama," wifi alisema.

"Marahaba. Sema, mwanangu, unanitisha."

Alituambia alikuwa karani wa posta, amestaafu, anachora kwenye meza ya jikoni. Ndiyo, anagonga milango, mabega yana alama. Ndiyo, kichwa kinamuuma tangu mwaka jana. Alidhani ni uzee. Mumewe humtania kwamba amekuwa gari lisilo na vioo vya pembeni.

"Mzee yupo hapo?"

"Yupo, anamenya viazi."

"Mwite, mama. Akae mbele yako, magoti yagusane. Wewe funika jicho la kushoto, umwangalie puani, usihamishe jicho. Yeye anyooshe mkono pembeni, upande wako wa kulia, achezeshe vidole, avilete katikati taratibu. Ukiviona tu, sema."

Tulisikia viti vikiburutwa. Tukasikia mzee akinung'unika kwamba mikono ina maji.

"Umeviona?" wifi aliuliza.

"Bado."

"Sogeza, baba."

"Bado." Kisha tena, "Bado." Kisha, kwa kuudhika kidogo, "Mzee, si uanze basi?"

Mzee alipojibu, utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mke wangu, nimeanza zamani. Vidole viko karibu na pua yangu."

Nilikuwa na kalamu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikuandika kitu. Walirudia jicho la pili, kutoka kushoto. Ikawa vilevile. Macho mawili, nusu ya nje ya kila moja haina kitu, na mwenye macho hakujua, kwa sababu jicho moja lilikuwa linalifichia jingine.

"Mama, nisikilize," wifi alisema. Alikuwa bado sakafuni. "Kuna kitu nyuma ya macho yako kinakandamiza mishipa. Mimi si daktari, sitakitaja jina. Lakini kinakua, nimekipima mwenyewe. Nenda hospitali kubwa. Usiseme kesho. Viazi viacheni hapohapo."

"Na katuni?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nina sura ya hamsini na moja mezani."

"Mama, ukikaa, hiyo hamsini na moja utaichora kwa kupapasa."

Mzee ndiye aliyesema, "Tunakwenda," na simu ikakatika.

Wapangaji walichukia sana katuni iliposimama. Wiki ya kwanza walisema Mwenye Nyumba ametoroka. Wiki ya pili kimya chenyewe kikawa kidokezo, na Chumba Ishirini na Mbili akaandika kurasa tatu kukifafanua. Wifi aliyasoma yote na hakujibu. Siri haikuwa yake. Lakini kila simu ilipolia dukani aliniwahi, na mara mbili nilimkuta chumba cha nyuma gizani, amekaa kwenye kiti cha mgonjwa, anajipungia vidole mwenyewe kutoka pembeni.

Wiki ya tano mzee alipiga. Kilikuwa kivimbe, si kikubwa kuliko njegere, chini ya ubongo. Kimetolewa. Madaktari wamesema huenda macho yakarudi, huenda yasirudi, au yakarudi kidogo. Wamesema pia kwamba angechelewa miezi michache wasingekuwa na la kumwambia. Wifi alishukuru kwa heshima, akaweka simu, akaniambia nimwite mteja anayefuata. Mteja alipoketi, sikuisikia "Soma chini". Nilipochungulia, mteja alikuwa anampa wifi leso yake.

Baada ya miezi minne, Ijumaa, saa sita mchana, sura ya hamsini na moja ilitokea bila tangazo. Kundi lililipuka. Mtunza funguo amesimama mbele ya mlango uleule wenye bawaba, na safari hii mlango una fremu.

Wifi hakuifungua picha. Alinisukumia simu.

"Chapa wewe. Pima wewe. Mimi siwezi."

Nilichapa kwa ukubwa uleule. Nikaichukua rula, nikaiweka ukingo wa kulia. Kalamu ilikuwa imefika mwisho wa karatasi.

"Kulia, sifuri," nilisema.

"Kushoto?"

Niliinama. Weupe ulikuwepo.

"Tisa."

"Pima tena."

Nilipima tena, nikageuza karatasi, nikapima mara ya tatu. Tisa, pale palipokuwa na kumi na nne. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya kabati. Chumba cha Kwanza alikuwa ameshaandika kwamba ukuta mmoja umerudi nyuma na mmoja umekataa, na kwamba hiki ni kidokezo kikubwa kuliko vyote.

Wifi aliizima simu. Aliichukua rula mkononi mwangu, akaifuta kwa kitambaa cha lenzi pande zote mbili, akaenda kufungua mlango dakika kumi kabla ya wakati.

"Nani anafuata?" aliuliza.

Mimi niliandika tarehe kwenye daftari, na chini yake: kulia sifuri, kushoto tisa.