Usiku Mmoja, Mifuko Miwili

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyoyabakisha yeye Mungu alinipa mimi. Nasema mapema ili usije ukanishangaa mbele. Tulioana kanisani huko kwetu magharibi, na mwezi uleule akanileta Eldoret, mji ambao siku hizo watu wengi bado waliuita Sisibo, yaani "sixty-four", namba ya shamba la mzungu ambapo mji ulianzia. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga ngano cha mzungu mmoja. Kampuni ilimpa kitanda katika laini za wafanyakazi, wanaume wanne chumba kimoja, na bibi hakuruhusiwa kulala humo hata kama anaumwa. Kwa hivyo tulikodi chumba chetu cha udongo, paa la madebe yaliyokunjuliwa, na baridi ikiingia bila hodi kama mwenye nyumba.

Chumba hicho ndicho kilikuwa shida yetu. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, mwanaume wa kulala laini na kula peke yake. Kodi hawakuihesabu kwa sababu mimi mwenyewe hawakunihesabu. Mavuno ya ngano yalipoanza, malori yakawa yanateremsha magunia kutoka mashamba ya wazungu upande wa Ziwa mchana kutwa, kinu kikawa hakizimwi, na mume wangu akawekwa zamu ya usiku. Alifurahi sana. Waliambiwa kwamba mtu akipitisha masaa tisa ya kazi kwa siku, yale ya juu ni ovataimu na yanalipwa zaidi. Yeye alikuwa anaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hata mimi ambaye sikusoma sana niliona hapo kuna masaa matatu ya ovataimu kila usiku.

"Tutalipa kodi," akaniambia, "na utakaa."

Mwisho wa mwezi akaja na mshahara uleule wa zamani. Aliketi kitandani, viatu vyake vyeupe kwa unga, akatazama sakafu.

"Karani wa saa anasema siku inaisha saa sita ya usiku," akasema. "Masaa yangu sita ni ya leo, mengine sita ni ya kesho. Ati hakuna mahali nimefika tisa."

"Ati nini? Na hiyo kesho, si unaingia tena jioni? Sita za asubuhi na sita za jioni si ni kumi na mbili?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema hapo katikati nililala, kwa hivyo haziungani."

Haki ya Mungu, nilicheka. Nani amewahi kuona usiku ukikatwa kiunoni? Kwetu sisi saa sita ya usiku ni katikati ya giza tu, hakuna mtu anayeamka kusema siku mpya imefika. Nilicheka mpaka nikaona mwenzangu hacheki.

"Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi unaokuja," akasema. "Ovataimu isipokuja, itabidi urudi kwa mama."

Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema, sina neno naye, lakini sikuolewa na yeye. Wanawake wengi kwetu waliishi hivyo: bwana mjini, bibi shambani, wanaonana Krismasi, na mtoto akimwona baba yake anakimbilia nyuma ya nyumba. Niliapa sitakuwa mmoja wao. Jioni ile nilikwenda kulia nyuma ya choo ili asinione, kisha nikarudi nikapika.

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na kamba mpya ya katani. Akatoa kikapu changu cha safari chini ya kitanda, akapanga ndani nguo zangu nzuri, akakifunga na kukiweka mlangoni. Hakufanya hivyo kwa ubaya, alikuwa mtu wa kujitayarisha. Lakini kila nikiingia nilikigonga kwa mguu, na kila nikikigonga nilizidi kukasirika.

Sasa, pale kinuni kila Jumamosi wafanyakazi walipewa posho, unga wa mahindi, mkebe mmoja kwa kila siku ya kazi. Wale wa zamu ya usiku walikuwa wamelala saa hiyo, kwa hivyo sisi wake zao tuliokuwa mjini ndio tuliokwenda na mifuko. Karani wa saa alikuwa anasimama mlangoni mwa stoo akitaja siku za kila mtu, na mtu wa stoo akipima.

"Siku sita," karani akasema nilipofika mbele.

Sikuwa nimepanga kitu. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Karani, ikifika saa sita ya usiku, siku inaisha?"

"Inaisha."

"Inaanza ingine?"

"Inaanza ingine, mama. Lete mfuko."

"Basi mume wangu kila usiku anafanya siku mbili. Posho ni mkebe kwa siku. Pima kumi na mbili."

Mtu wa stoo akabaki na mkebe hewani. Nyuma yangu mama jirani, ambaye mume wake alikuwa zamu moja na wangu, akapiga kigelegele, na hapo ndipo kelele ilipoanza. "Na mimi kumi na mbili!" "Hata mimi!" Karani alikasirika mpaka masikio. Akaniambia posho ni posho na saa ni saa. Nikamjibu kwamba tumbo halijui tofauti hiyo, na nikamwambia mengine ambayo siandiki hapa kwa sababu wajukuu wangu watasoma.

Mzungu mwenye kinu akatoka ofisini. "Kelele ya nini?" Karani akamweleza kwa Kiingereza, kwa urefu, akininyooshea kidole. Mzungu akanigeukia. "Bwana yako nani?" Nikamtaja mume wangu. "Sawa. Kwenda nyumbani," akasema, wala hakuonyesha kama amekasirika au vipi. Nilichukua mikebe yangu sita nikaondoka.

Mume wangu alipoamka habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Umenimaliza," akasema. "Akinifukuza, hata kile kitanda cha laini sina."

Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba Jumamosi ijayo nisifungue mdomo pale stoo. Nikamwapia, mkono juu ya Biblia yetu ya arusi, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilikuwa nimeogopa kweli.

Lakini hakuniambia niende na mifuko mingapi.

Ijumaa mama jirani alinikuta nje nikitoa majani ndani ya mto wetu wa pekee ili nipate foronya. Nikamweleza ninachotaka kufanya nayo.

"Na mtalala juu ya nini?" akauliza.

"Juu ya mkono wake. Si bado niko nao?"

Akacheka, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Sikujua amekwenda wapi.

Nilijua Jumamosi. Nilipofika pale stoo niliwakuta wote kwenye mstari, wake wa watu wa usiku, na kila mmoja ana mifuko miwili. Mmoja alikuwa na mfuko na kofia kuukuu ya bwana wake. Mwingine alishona mwisho wa mguu wa suruali akaufanya mfuko. Mama jirani alinikonyeza. Hakuna aliyesema neno. Tulisimama tu, mkono huu mfuko, mkono huu mfuko. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe niliuona usoni mwa karani.

Mzungu alikuwa dirishani. Akatoka, akatutazama kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, akaitazama ile suruali kwa muda. Halafu akamuuliza karani, kwa Kiswahili, nafikiri alitaka tusikie:

"Karani, usiku moja ni siku ngapi?"

Masikini karani. Akisema mbili, apime kumi na mbili kwa kila mwanamke. Akisema moja, basi masaa kumi na mawili ni ya siku moja, na tisa yamepitwa. Alilamba midomo.

"Moja, bwana."

"Moja?"

"Moja."

"Basi andika moja. Posho moja, masaa yote pamoja. Sasa kelele kwisha!"

Kelele gani, na hakuna aliyefungua mdomo! Nilitaka kumjibu, nikauma ulimi. Tulipokea mikebe yetu sita sita, na ule mfuko wa pili kila mtu akaukunja akauweka kwapani.

Nilipomsimulia mume wangu alitingisha kichwa. "Mzungu kusema si kulipa," akasema, na kikapu kikabaki palepale mlangoni. Siku zilizobaki za mwezi sikulala vizuri, na si kwa sababu ya kukosa mto.

Siku ya mshahara niliketi kizingitini tangu asubuhi. Wenzake walipita, yeye hakuonekana. Mume wa mama jirani akaingia kwake, nikasikia wanacheka huko ndani, na mimi bado sina mtu. Nilianza kusema moyoni kwamba amefukuzwa na anaogopa kuniambia. Jua lilikuwa limepanda ndipo nikamwona anakuja, mweupe kwa unga mpaka kope, anatembea taratibu kama kawaida yake.

"Nimepitia kwa mwenye nyumba," akasema.

Basi, ni hilo tu. Akachuchumaa mbele ya kikapu akafungua kamba, na fundo lilipokataa akatumia meno. Kisha akatoka nayo nje, akaifunga ncha moja kwenye boriti ya paa letu na nyingine kwenye nguzo ya mama jirani, akaivuta kuona kama imekaza.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Ya kuanika nguo."

Nilitoa nguo zangu zote kikapuni, zilikuwa safi kabisa, nikazifua zote.